Nani Alimlazimisha Msamaria?

Somo: Luka 10:25–37

  

Habari ya Msamaria mwema twaijua tangu shule ya Jumapili. Mtu mmoja alikuwa akisafiri kwenda Yeriko. Majambazi wakampiga, wakachukua vyote alivyokuwa navyo, wakamwacha hoi kando ya njia. Kuhani akamwona, akapita. Mlawi akamwona, naye akapita. Ndipo akaja Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakumhesabu kuwa mwenzao. Akamfunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi yake akalipa dinari mbili ili atunzwe.

Leo twauliza swali moja tu: nani alimlazimisha Msamaria yule?

Hapakuwa na chifu aliyepitisha daftari. Hapakuwa na kipaza sauti cha kutangaza nani ametoa ngapi. Hakukatwa kitu katika mshahara wake. Alitoa kwa sababu alimhurumia mtu aliyelala mbele yake. Kama angalilazimishwa, tungalikuwa na habari ya kodi, wala si habari ya huruma.

Swali hili si la kale. Liko fundisho ambalo vijana wetu vyuoni hulibishania, na baadhi ya wazee pia hulipenda. Ni fundisho la watu wanaotetea uhuru wa mtu binafsi. Kwa ufupi, husema mambo matatu. Kwanza, serikali, iwe ya taifa au ya mahali, iwe na kazi chache: kulinda watu, mali zao, na mapatano yao. Pili, soko liachwe huru. Muuzaji na mnunuzi wapatane wenyewe. Tatu, kumsaidia maskini ni kazi ya moyo wa mtu, si kazi ya mtoza kodi.

Fundisho hili lina historia ndefu. Frédéric Bastiat wa Ufaransa aliandika mwaka 1850 kwamba sheria ikitumiwa kuchukua mali ya mmoja na kumpa mwingine, basi sheria yenyewe imegeuka kuwa mnyang'anyi. Na hapa kwetu, mwaka 2005, mataifa tajiri yalipojiandaa kukutana Gleneagles, Uskoti, kuzungumzia misaada kwa Afrika, Mkenya mwenzetu James Shikwati aliliambia gazeti la Kijerumani Der Spiegel kwamba misaada hiyo ikome. Alieleza kwamba mahindi ya msaada huishia mikononi mwa wanasiasa, mengine hutupwa sokoni kwa bei ya chini, na mkulima wetu akashindwa kuuza yake.

Wako Wakristo wanaolipokea fundisho hili lote kana kwamba ni Injili. Wako wengine wanaolitupa lote kana kwamba ni sumu. Sisi twasema, tulichukue, tutembee nalo katika barabara ya Yeriko, tulipime huko. Kwa maana barabara ile ilihitaji watu watatu: jirani wa kuhurumia, mwenye nyumba ya wageni wa kutoa huduma, na askari wa kuzuia majambazi. Tuwaangalie mmoja mmoja.

Wa kwanza ni jirani.

Taifa letu lilipopata uhuru mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alituita kwa neno Harambee. Serikali haikuwa na fedha za kutosha, na watu walikuwa na njaa ya elimu. Wazazi walichonga mawe, akina mama wakabeba mchanga na maji, mafundi wakajitolea siku zao. Shule nyingi, zahanati na mifereji ya maji zilizaliwa hivyo. Huo ulikuwa mkono usiolazimishwa, na matunda yake twayaona hata leo.

Lakini neno lile zuri likaanza kuchacha. Katika miaka ya 1970 na 1980, mahali pengi mchango ulikuwa kodi iliyovaa joho la sadaka. Mfanyakazi alikatwa mshahara pasipo kuulizwa. Mkulima alikuta malipo ya mazao yake yamepungua. Mwingine alichukuliwa kuku wake kwa kuwa hakuwa na risiti ya mchango. Na upande wa pili, mkubwa alikuja na bahasha nene, akapigiwa vigelegele, wala hakuna aliyethubutu kuuliza fedha zile zimetoka wapi.

Mambo hayo mawili, wapendwa, ni ugonjwa mmoja. Mnyonge anatoa kwa hofu. Mkubwa anatoa ili apate kura. Hakuna hata mmoja wao anayemtazama yule aliyelala kando ya njia.

Taifa lilijaribu kujitibu. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwazuia kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alikataza wanasiasa wasipewe mimbari. Mwezi Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Na mwezi Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi alitangaza kwamba mchango wa Rais kwa parokia moja ya Soweto urudishwe.

Maandiko yanasemaje? Mtume Paulo alipowaomba Wakorintho wawasaidie watakatifu wa Yerusalemu, alisema wazi kwamba hawapi amri, na kwamba kila mmoja atoe alichokwisha kukiamua mwenyewe rohoni, bila kinyongo na bila kushurutishwa. Naye Petro alipomkemea Anania, hakumkemea kwa kubakiza shamba lake. Alimwambia shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa katika mamlaka yake. Kosa lake lilikuwa uongo. Kanisa la kwanza lilishiriki vitu vyote, lakini hakuna mtume aliyevunja mlango wa mtu.

Hapa basi wale watetezi wa uhuru wamesema kweli. Wahenga wetu nao walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wa pili ni mwenye nyumba ya wageni.

Huyu twamsahau mara nyingi. Yeye hakutoa sadaka. Alikuwa mfanyabiashara, na alilipwa. Wala Bwana Yesu hakumkemea kwa kupokea dinari zake. Huruma ya Msamaria ilihitaji kitanda, mafuta, chakula, na mtu wa kuvitunza. Na vitu hivyo vilikuwapo kwa sababu mtu fulani alikuwa ameifungua biashara yake kando ya barabara. Mwezi Januari 1980 Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba Msamaria asingekumbukwa kwa nia njema peke yake. Alikuwa na fedha pia. Wengine walikasirika, lakini jambo lenyewe ni kweli. Mkono mtupu unaweza kuomba. Hauwezi kulipa kitanda.

Tuchukue mfano wa mahindi. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya kikoloni iliweka udhibiti wa mahindi. Uhuru ulikuja, lakini udhibiti haukuondoka. Na kuanzia mwaka 1979 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Nia ilikuwa njema: mkulima apate bei ya uhakika na taifa liwe na akiba. Lakini mtu hakuweza kusafirisha magunia yake kutoka wilaya moja hadi nyingine pasipo kibali. Mwaka wenye mavuno, Trans Nzoia ilikuwa na mahindi tele. Ukambani mvua ikikosa, watoto walilala na njaa. Kati ya ghala lililojaa na sufuria tupu palikuwa na kizuizi cha barabarani, na kwenye kizuizi palikuwa na mtu anayetaka chai.

Vibali viliondolewa mwishoni mwa mwaka 1993. Wachuuzi wadogo walianza kubeba mahindi waziwazi mpaka kwenye masoko ya mbali. Mashine za posho zilipata nafaka, na mama mwenye shilingi chache akaweza kusaga kwa bei nafuu kuliko unga wa pakiti. Mkulima wa Bonde la Ufa alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika, kwa maana ile bei ya uhakika ilitoweka. Hata hivyo, yule mwenye njaa alifikiwa na mchuuzi pale ambapo kibali kilimzuilia.

Lakini tusikilize neno la pili juu ya soko. Nani asiyeujua mkebe wa gorogoro? Wako wauzaji wanaoupiga kwa chini mpaka ubonyee, ili mnunuzi aone mkebe umejaa kumbe amepunjwa. Nabii Amosi aliwaona watu kama hao sokoni mwa Israeli, wakipunguza kipimo na kuongeza bei. Torati katika Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Basi uhuru wa soko si uhuru wa kudanganya. Soko ambalo maskini anapunjwa haliko huru. Limetekwa na mwizi mwingine, ambaye hana sare wala kibali.

Wa tatu ni askari.

Katika habari ile ya Luka hatumwoni askari hata mmoja, na ndiyo sababu mtu yule alipigwa. Hata watetezi wakali wa uhuru wanakubali kwamba hapa ni mahali pa serikali. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mtawala hakupewa upanga bure, tena kwamba ushuru ulipwe kwa anayestahili. Kwa hiyo Mkristo asiseme kodi ni dhambi.

Lakini Biblia hiyohiyo inatuonya. Israeli walipotaka mfalme, Samweli aliwahesabia gharama: atachukua wana wenu, mashamba yenu, sehemu ya kumi ya nafaka yenu. Serikali inayotulinda inaweza pia kutukalia shingoni, hata ile iliyo karibu nasi.

Serikali zetu za kaunti zilianza kazi mwaka 2013 ili maamuzi yawe karibu na wananchi. Ni jambo jema. Lakini mfikirie mama anayesafirisha kabichi zake kutoka Nyandarua kwenda Nairobi. Anaweza kutozwa ushuru njiani, kisha atozwe tena anapoingia sokoni, na soko lenyewe halina choo, na mvua ikinyesha anauza akiwa amesimama matopeni. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 209, inasema kaunti isitumie uwezo wake wa kutoza kwa namna itakayozuia biashara kuvuka mipaka ya kaunti au bidhaa kusafiri nchini. Wangapi kati yetu tumewahi kukisoma kifungu hicho? Mjumbe wa kaunti anapokuja kwenye mazishi, humwomba atununulie hema na viti. Hatumwulizi ushuru wa soko umekwenda wapi. Twamwomba awe jirani wakati tulimwajiri awe askari.

Hapo ndipo siasa ya mahali inapoharibika, ndugu. Kiongozi akichukua ushuru wa mama wa kabichi, kisha akarudi kanisani na sehemu yake katika bahasha, hajatoa sadaka. Amerudisha kidogo cha mali ya wenyewe, nasi tumempigia makofi.

Basi, je, fundisho lile limeshinda? Tulikunje kitabu twende zetu? La, bado hatujafika mwisho wa barabara.

Mwaka 1967, katika kanisa la Riverside huko New York, mchungaji Martin Luther King aliitaja barabara hii hii ya Yeriko. Alisema kwamba kuwa Msamaria mwema ni mwanzo tu. Iko siku lazima barabara nzima itengenezwe, ili watu wasizidi kupigwa na kuporwa kila wapitapo. Maneno hayo ni mazito. Msamaria mmoja aliye na punda mmoja hawezi kuwabeba wote wanaoangushwa na ukame wa Turkana. Mjane mwenye saratani hana cha kuuza sokoni. Kwake uhuru wa kupatana bei ni uhuru wa kufa polepole.

Kwa hiyo taifa letu limechagua kubeba mizigo mingine pamoja. Mwezi Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mwenye mshahara akaanza kukatwa asilimia 2.75, apende asipende. Wengine wanasema ni haki, wengine wanasema ni unyang'anyi. Wakristo waaminifu wanatofautiana juu ya jambo hilo, na huenda wataendelea kutofautiana. Lakini neno moja twaweza kulisema pamoja: aliyekatwa mshahara asidhani ametoa sadaka. Makato yale yanaweza kuwa ya lazima, yanaweza hata kuwa mema. Hata hivyo hayamwondolei mtu wajibu wa kumtembelea jirani yake hospitalini.

Na yule anayesema serikali isiwakate watu, naye ana neno lake la kusikia. Mwezi Februari 1887 Rais Grover Cleveland wa Marekani alikataa kutia sahihi mswada wa dola 10,000 za kuwanunulia mbegu wakulima wa Texas waliopatwa na ukame. Alisema hiyo si kazi ya serikali kuu, na kwamba huruma ya wananchi wenzao inaweza kutegemewa. Watetezi wa uhuru hupenda sana kuisimulia habari hiyo. Lakini angalieni, wapendwa, Cleveland alifanya nini. Alitia sahihi hati ya ahadi, na waliotakiwa kuilipa walikuwa wananchi. Michango ilifika, na ahadi ikawa ya kweli. Isingefika, maneno mazuri ya Rais yasingeotesha hata punje moja.

Nasi twajua inavyowezekana. Mwaka 2011, njaa ilipoingia kaskazini mwa nchi yetu, Wakenya waliitana kwa jina la Wakenya kwa ajili ya Wakenya. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500 katika majuma manne. Watu wakatuma kwa simu, huyu kidogo, yule kidogo, na lengo likapitwa. Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna chifu aliyekamata kuku wa mtu.

Basi tunda la mazungumzo yetu ni hili. Kila mahali ambapo kuhani na Mlawi wanapita kando, mwenye daftari atakuja. Mgonjwa hawezi kungoja mpaka tumalize kubishana. Kama hatutaki mkono wa kulazimishwa, dawa yake ni mkono uliofunguka. Mkono ulioachwa huru kisha ukafumbwa hauna faida kwa mtu aliye kando ya njia. Kwake yeye, mwenye kupita kwa sababu ya ubahili na mwenye kupita kwa sababu ya fundisho ni watu wawili wanaofanana.

Twaweza kuanza juma hili. Wazee wa kanisa, michango ikitangazwa, majina na kiasi visisomwe mbele ya watu, ili mjane asiaibike na tajiri asijivune. Mgeni mwenye cheo akija na bahasha, aketi kama waumini wengine, atoe sadaka yake kikapuni kimya kimya. Ninyi mnaouza sokoni, gorogoro yako na iwe na kitako kilichonyooka. Hiyo nayo ni ibada. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, twende, tuulize ushuru wa soko umefanya nini, tuulize kwa adabu na tusichoke. Na kila kundi la ushirika lijue kwa jina ni nani mgonjwa, ni nani hana unga, ni mtoto gani amerudishwa nyumbani kwa karo, kabla ya kuambiwa na mtu wa nje.

Mwanasheria aliyemjaribu Bwana alitaka kujua mipaka: jirani yangu anaanzia wapi na kuishia wapi? Bwana hakumchorea mpaka. Alimwonyesha mtu aliyeshuka kutoka juu ya punda wake pasipo kuamriwa. Je, wewe msikilizaji, kuna mtu uliyempita wiki hii ukisema moyoni, serikali iko?

Tuombe. Bwana Mungu, uliyetupa Mwana wako pasipo kulazimishwa na mtu yeyote, tufundishe kutoa hivyo. Wape watawala wetu mikono safi, wape wafanyabiashara wetu vipimo vya haki, utupe sisi macho ya kumwona aliyeanguka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.